Mpamba Ubavu

Mpamba ubavu hula ukoko. Ndivyo jirani yetu Bi Time alivyomwambia kaka yenu Hafidh juzi, Hafidh alipokuja na pikipiki yake yenye maua ya plastiki kwenye usukani na redio nyuma. Nanyi wanangu mkacheka, kisha mkaniuliza ukoko na pikipiki vina ujamaa gani. Mimi sikucheka, maana breki ya ile pikipiki naisikia inavyolia tangu iko kwenye kona ya msikiti. Basi sikilizeni, methali hii ilianza hivi.

Kule Pemba alikuwako kijana akiitwa Shaame, mtoto wa pekee wa mjane mmoja, Bi Raya. Shaame alikuwa na mashua, na alikuwa na mchumba kisiwa cha pili, jina lake Kidawa. Siku ya harusi ilikuwa imeshawekwa.

Sasa mashua ya mbao ikikaa majini huota. Huota mwani, huota chaza, na wako wadudu wanaozitoboa mbao kama mchwa anavyokula mlango. Kwa hiyo watu wa pwani wana desturi yao. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, yakijaa, huisogeza mashua juu ufukweni. Yakitoka, huilaza mchangani, wakaikwangua tumbo, wakaibabua kwa mwenge wa makuti, kisha wakaipaka deheni, yaani shahamu iliyopondwa na chokaa. Deheni inanuka, siwafichi. Lakini mdudu akiionja hurudi kwao.

Bamvua la mwisho kabla ya harusi, wenzake wote walizilaza mashua zao. Shaame hakulaza. Yeye alikuwa ameipaka yake mbavuni rangi ya kijani na nyekundu, akachora maua ya asumini, na mbele akaandika jina: NITAZAME.

Bi Raya akamfuata na debe la deheni kichwani.

"Mwanangu, ilaze hiyo mashua. Imeota ndevu."

"Mama, nikiilaza rangi itachubuka."

"Bora ichubuke rangi kuliko uso wako."

"Na hiyo harufu je? Bibi harusi nimpakie kwenye mashua inayonuka kama bucha? Nani ataiona huko chini? Mama, una wasiwasi wewe! Kuku akitaga tu unaogopa yai litaanguka."

"Na huanguka," akasema Bi Raya.

Basi Bi Raya hakushikilia zaidi. Siku ya harusi alipanda mashuani na wanawake wenzake, na lile debe akalisukuma chini ya kiti, akalifunika kwa khanga.

Walitweka tanga asubuhi. Upepo mzuri, tanga limejaa, wanawake wanapiga vigelegele. Lakini mashua ilikwenda kama ng'ombe anayepelekwa machinjioni. Nyimbo zote za harusi zikaisha hata nusu ya njia hawajafika, wakaanza tena ile ya kwanza, sasa kwa sauti ndogo. Akawapita mzee mmoja ndani ya ngalawa iliyojaa kuni.

"Shaame! Mmetia nanga?"

"Hatukutia!"

"Basi iambieni bahari iwaachilie!"

Watu wakamgeukia Bi Raya.

"Mimi sijasema kitu," akasema.

Kule kwa kina Kidawa, nikaha ilikuwa ifungwe baada ya sala ya adhuhuri. Sala ikasaliwa, bwana harusi hayupo. Wageni waliotoka visiwa vingine wakaanza kutazama maji, maana yakitoka sana hawataweza kurudi kwao. Mzee Machano, ami yake Kidawa na ndiye walii wake wa kumwozesha, akaona aibu kuwaaga watu na njaa. Akaamuru pilau lipakuliwe. Likaliwa lote.

NITAZAME ilifika alasiri, maji yakiwa yametoka. Ikakwama mbali kidogo na nyumba, na abiria wakashuka wakiwa wameshika viatu mkononi. Watu wote walikuwa wamejipanga ufukweni kumpokea bwana harusi. Hapo, maji yalipozidi kutoka, mashua ikainama pole pole, ikajilaza yenyewe mbele ya wakwe. Tumbo likawa nje. Mwani umening'inia kama ndevu za beberu, chaza wamebanana, na kaa mmoja akatoka akakimbilia baharini.

Mzee Machano akaizunguka.

"Hii ni mashua au ni mwamba uliopakwa rangi?"

Bibi yake Kidawa akabandua chaza mmoja, akamtazama. "Msimseme mkwe. Angalau kaja na kitoweo."

Watu walicheka mpaka wakakaa mchangani. Mzee Machano peke yake hakucheka.

"Nikuozeje, Shaame? Mtu asiyetazama chini ya mashua yake, binti yetu atamtazamaje? Leo nikaha haifungwi."

Bi Raya machozi yakamlenga, lakini akarudi mashuani, akatoka na lile debe la deheni.

Ndipo sauti ikasikika kutoka dirisha la nyumba ya harusi. Ni Kidawa.

"Ami, mpe mpaka magharibi. Akilisafisha hilo tumbo, mimi nimekubali. Asipolisafisha, maji yakijaa yamrudishe kwao. Na mwambieni kama ana njaa, sufuriani kumebaki ukoko. Mpamba ubavu hula ukoko!"

Shaame akavua joho, akapandisha kanzu, akakwangua. Akababua kwa makuti, akapaka deheni kwa mikono yake miwili, na rangi yake nzuri ikichubuka mchangani. Magharibi nikaha ikafungwa. Shehe alipompa mkono aliziba pua kwa kilemba. Kisha bwana harusi akaletewa sinia, na juu yake ukoko, akautafuna kra, kra, nyumba nzima ikisikia.

Usiku maji yalipojaa mashua ikaruka kama samaki. Bi Raya alikaa nyuma, na mara hii akasema: "Yai, mwanangu, huanguka."

Basi Hafidh, nawe unasikia hapo mlangoni. Kabla hujaniambia "mama, panda twende," inama kwanza uitazame breki. Shaame yeye alipata hata huo ukoko; barabarani ukoko hauwekwi. Mpamba ubavu hula ukoko.