Ufagio wa Bikombo

Sogeeni, wajukuu, hadithi ya leo ni chungu kama shubiri. Zimwi lilimmeza binti wa Bikombo. Mama akalia mpaka zimwi likamtemea mbegu moja.

"Ipande uwanjani. Mwaka wa kwanza utaona majani tu. Wa pili litachanua ua, mwanao atoke. Ua likikauka, uhai wake utakuwa katika mbegu zilizoanguka. Ziache zijiotee!"

Bikombo akangoja. Akachekwa, akangoja. Ua likachanua, binti akatoka: "Mama!"

Mbegu zikapukutika siku ya kuja wageni kumpongeza. Bikombo akaona haya, uwanja mchafu! Akafagia, akafagia, akafagia, taka akazitia motoni.

Jioni ua likakauka.

"Mama, mbegu zangu ziko wapi?" binti akauliza, akatoweka.

Uwanja wa Bikombo ungali safi mpaka leo.