Vyombo vya Watu Jikoni kwa Mwantumu

Nimesimuliwa kisa hiki na mama mmoja kliniki, tukiwa kwenye foleni ya kupima watoto uzito. Nakileta kama nilivyokipata. Kisome taratibu, kisha mpelekee mama mwenzio.

Mwantumu alifiwa na mume wake akiwa bado kijana, na Mungu hakuwa amewajalia mtoto. Alibaki na mama mkwe wake, Bi Kidawa, katika nyumba ya vyumba viwili. Kimoja chake, kimoja cha mama, na jiko dogo lililopakana na chumba cha mama.

Siku zote za eda majirani ndio waliowalisha. Asubuhi uji, mchana wali, jioni ndizi. Chakula kilikuja kwenye mabakuli, kwenye hotipoti, kwenye masinia yaliyofunikwa kawa. Walipiga hodi, wakaweka, wakaondoka bila kungoja asante.

Eda ikaisha. Vyombo vikabaki.

Mtaani kwao, chombo kilichokuja na chakula hakirudi kitupu. Utatia hata viazi vitatu, hata kipande cha papai. Mwantumu alivisugua vyombo vile vikang'aa, akavipanga, akasema moyoni, nitavirudisha nikipata cha kutia. Lakini alichopata kwa kushona kiliwatosha yeye na mama tu, tena kwa kubana. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka. Akaanza kuona haya kupita mbele ya nyumba za watu. Akienda bombani alizunguka njia ya nyuma.

Jiko nalo lilikuwa limejaa. Masinia nyuma ya mlango, hotipoti juu ya rafu, mabakuli yamepandana mpaka yakaziba dirisha. Siku moja aligeuka na sufuria ya uji wa moto, kiwiko kikagonga mabakuli, uji ukammwagikia mguuni.

Jioni ile alisema, "Mama, jiko hili litatuua. Nataka nivunje huu ukuta, chumba chako kiingie jikoni. Shemeji Athumani amesema atakupokea kwake. Jumapili atakuja kukuchukua."

Athumani, mwana mdogo wa Bi Kidawa, aliishi mwendo wa siku nzima kutoka pale. Kaburi la mwanawe mkubwa lilikuwa hapa, na kila Ijumaa alikwenda kulipalilia kwa mikono yake.

"Haya, mwanangu," alisema.

Siku ya Alhamisi akaja fundi mwashi, Mzee Chaurembo, na nyundo yake. Akachungulia jikoni, akarudi nyuma.

"Toa vyombo kwanza. Vumbi la ukuta likiingia kwenye hizo hotipoti, mtatafuna mchanga mpaka Ramadhani."

Wakatandika mkeka uani. Ukajaa. Wakatandika wa pili.

"Mama, wewe umefunga duka la nani?" fundi aliuliza akicheka. Kisha akainua hotipoti moja, akaigeuza, na kicheko kikamwisha.

Wanawake wa mtaa ule walikuwa na desturi ya kuweka alama chini ya vyombo vyao, visipotee kwenye shughuli.

"MS ni nani?"

"Mama Sijali."

"Na hili bakuli lenye doa la rangi ya kucha?"

"La Bi Zena."

"Mikwaruzo hii mitatu ya msumari?"

"Mke wa muuza mkaa," alijibu Mwantumu, na sauti yake ikazidi kupungua.

"Vyako viko wapi?"

Mwantumu akaokota vyake. Sufuria tatu, kikaango, sinia moja, mabakuli manne na mwiko. Mzee Chaurembo akavibeba mwenyewe, akavipanga kwenye rafu moja, akamwita.

"Ingia. Nyoosha mikono."

Akanyoosha. Vidole havikugusa kitu. Mwanga wa dirishani ulikuwa umefika mpaka kwenye mafiga.

"Sasa niambie," fundi alisema, "nikuvunjie ukuta upi?"

Mwantumu akaketi kwenye kizingiti, akalia. "Siwezi kuvirudisha vitupu, Mzee. Mimi nimefunzwa."

"Nimekufunza mimi." Alikuwa ni Bi Kidawa, amesimama nyuma yao. "Wiki yako ya kwanza nyumba hii ulirudisha bakuli la watu tupu, nikakugombeza mpaka ukanuna. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Mama."

"Basi nilikufunza adabu ya mwenye nacho. Ya asiye nacho sikukufunza, maana wakati ule tulikuwa nacho. Anza na hiyo ya Mama Sijali. Kama huna cha kutia, jipeleke wewe mwenyewe."

Mzee Chaurembo akachukua nyundo yake, akaondoka bila kugusa ukuta. Mwantumu akajitanda khanga, akaenda. Mlangoni kwa Mama Sijali alisimama muda mrefu kabla ya kupiga hodi.

"Karibu. Nani? Eh! Mwantumu? Ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Shikamoo, mama. Nimeleta hotipoti yako."

Mama Sijali akaipokea, akafungua kifuniko, akachungulia, akafunika. Mwantumu akatazama miguu yake.

"Ni tupu, mama. Nisamehe. Sikuwa na cha kutia. Ndiyo maana sikuja siku zote hizi."

Mama Sijali aliketi kizingitini, hotipoti mapajani.

"Ndiyo maana? Mwantumu, sisi mwaka mzima tunajiuliza tumekukosea nini."

"Mnikosee ninyi? Ninyi mlionilisha?"

"Sikiliza. Siku uliyotoka eda, sisi wanawake wa hapa tulikaa tukakubaliana. Tukasema, asiende mtu kuulizia chombo kwa Mwantumu, asije akaona tunamdai chakula cha msiba. Basi hata kukusalimu tukaogopa, usije ukadhani tumefuata vyombo. Tukakuona unapita njia ya nyuma, tukasema, ametuchoka. Bi Zena mpaka leo anapakulia watoto wake kwenye kifuniko cha sufuria, na hajafungua mdomo."

Kumbe wao walikuwa wakimstahi Mwantumu, na yeye alikuwa akiwaonea haya. Mwaka mzima watu wanaopendana hawakusalimiana, na kati yao hapakuwa na ugomvi wowote, palikuwa na mabakuli.

Mama Sijali akainuka, akapakua wali na maharage kwenye hotipoti ile ile, akaiweka mkekani na kumvuta mkono.

"Unakula hapahapa. Nikikupa uondoke nayo, nitaiona tena lini?"

Wakacheka, na machozi yao hayajakauka.

Kurudisha vyombo kulichukua siku tatu. Havikuwa vingi kiasi hicho, ila kila nyumba walimketisha. Kwa Bi Zena watoto walilipigania bakuli lao kama mgeni aliyerudi. Mke wa muuza mkaa alimshika mikono.

Sinia la mwisho lilirudi kwa mwenyewe Jumapili asubuhi. Mwantumu akaja nyumbani mwepesi, akiimba kidogo, akamkuta Bi Kidawa kitandani kwake amevaa viatu, ameketi wima.

"Athumani anafika saa ngapi?" mama aliuliza.

Siku tatu Mwantumu alizunguka mtaa mzima akiomba radhi, na hakuna aliyekuwa amemwambia huyu mama kwamba haendi tena.

Akapiga magoti sakafuni.

"Nisamehe, Mama. Nilikuwa namtoa mtu wangu nyumbani kwake, nipate pa kuweka mabakuli ya watu. Athumani akija atakula, atarudi peke yake. Kama bado unakubali kukaa na mimi."

Bi Kidawa akavua viatu, kimoja kimoja. Akachukua kigoda chake, akakikokota mpaka jikoni, akakiweka katikati, pale palipokuwa pamebanwa na vyombo vya watu.

"Mwaka mzima sijapata pa kukaa humu," alisema. "Lete mchicha nichambue. Mwanangu anakuja, na wewe umesimama tu."

Funzo: Nyumba ikikubana, tazama kwanza ulichokizuia kwa aibu kabla hujamsogeza mtu. Aliyekupa kwa moyo mwema hangoji chombo kijae, anakungoja wewe. Na wa kwanza kuombwa radhi ni yule unayeishi naye chini ya paa moja.