Madaraja Matatu ya Kwemlola

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, watu walipokuwa wameshaijua simu lakini simu haijawajua wote, palikuwa na Sultani aitwaye Shehabu, aliyetawala mji wa Vumari na milima yote inayouzunguka. Sultani huyu alikuwa na simu tatu. Mbili zilikaa katika mifuko ya joho na ya tatu akaibeba Waziri wake, kwa maana mjini mle walikuwamo matajiri watatu wa minara, na kila tajiri alimtunuku Sultani simu yake ili asije akaitazama ya mwenziwe kwa jicho jema.

Minara yao mitatu ilisimama nyuma ya kasri, imekaribiana hata kunguru alihama mmoja kwenda mwingine bila kukunjua mbawa. Ikawa mtu wa mjini akiingia chooni anapata mitandao mitatu kwa mpigo, na akitoka lango la mji akapanda mlima, simu inageuka kioo cha kujitazamia meno.

Sultani alijivuna sana kwa minara hiyo. Akasema, "Mashindano ndiyo mbolea ya nchi." Na Waziri Mahfudhi, ambaye hakuna aliyepata kumsikia akisema neno ambalo Sultani hajalisema kwanza, akaliandika neno hilo likawa sheria: kila mtu ajenge chake, asimwazime mwenziwe hata msumari, na yeyote atakayelitaja neno la kuungana mbele ya Sultani, atakatwa ulimi.

Basi ng'ambo ya mto Luseni, juu milimani, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwemlola. Watu wake walikuwa na simu, walizinunua wenyewe, lakini mahali pa kuongelea palikuwa pamoja tu, juu ya mwamba ulioitwa Jiwe la Alo. Mtu akitaka kupiga simu hupanda mwamba, husimama kwa mguu mmoja, huelekeza sikio Vumari. Mke wa Hoza aliposhikwa na uchungu, mumewe alipanda mbio kumwita muuguzi, akakuta foleni ya watu wanne, na wa kwanza alikuwa binti mmoja anaongea na mchumba. Zamu ya Hoza ilipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa na karibu anaomba uji. Huyo alikuwa na bahati. Namvua wa ukoo wa Mbelwa hakuwa nayo. Simu ya kumwitia muuguzi ilipojibiwa, watu walikuwa wanarudi kutoka kumzika.

Hapo wanakijiji wakakubaliana kumtuma mtu kwa Sultani. Wenye mbuzi waliogopa kunyang'anywa mbuzi, wenye mashamba waliogopa kunyang'anywa mashamba. Wakamtuma Singano, mpiga baragumu, aliyekuwa na shati la mkono mmoja na hana kingine cha kunyang'anywa. Kazi yake ilikuwa kupuliza pembe siku ya msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, na ujira wake ulikuwa ndizi.

Singano akashuka, akavuka mto, akaenda mpaka barazani, akapiga magoti.

"Ewe Sultani, Mungu akuzidishie umri. Watu wa Kwemlola wanaomba mnara."

Sultani akasema, "Minara siigawi mimi. Huletwa na mashindano. Leo yamo mjini, kesho yatapanda mlimani."

"Bwana wangu, huu mwaka wa tisa tunayangoja hayo mashindano. Pengine yamepotea njia, nasi simu zetu hazishiki tuyaelekeze."

Watu wa barazani wakacheka ndani ya mikono ya kanzu. Tajiri mmoja, Nuhu, akainuka.

"Sultani, Kwemlola pana nyumba mia tatu. Tukijenga sote watatu na kugawana nyumba hizo, hakuna atakayeirudisha hata bei ya misumari."

"Basi si mjenge mmoja mu..." akaanza Singano, na Waziri akanyoosha shingo kama jogoo aliyesikia mtama ukimwagwa. Singano akalimeza neno. "Si mjenge, ndivyo nilivyotaka kusema."

Lakini Sultani alikwisha kukasirika. Hakuna kitu kinachomkera mkubwa kama mtu mwenye shati bovu mwenye hoja nzima. Akasema, "Nimesikia daraja lenu la Luseni lilichukuliwa na mafuriko. Siku ya nane nakuja Kwemlola kula chakula cha mchana. Nijengeeni daraja, tena kwa sheria yangu. Koo zenu tatu zishindane, kila ukoo na daraja lake. Nikivuka nikala, nitawaamuru hawa wakujengeeni mnara. Nikikuta hamkujenga, ulimi wako ni wangu. Nikikuta mmeazimana hata gogo moja, ulimi wako ni wangu vilevile, na lile baragumu lako nitalinywea maziwa."

"Nimesikia na nimetii," akasema Singano. "Kumbe na ulimi wangu nao umeingizwa kwenye mashindano, kila upande una mgombea."

Akarudi kwao, akawaeleza. Wazee wakapima kwa macho. Mto ulikuwa na upana wa hatua sitini, na kila ukoo ulikuwa na miti ya kujengea hatua ishirini, basi.

Bibi mmoja wa ukoo wa Shekuwe, Bi Mwanahamisi, akasema, "Singano, puliza baragumu tufanye msaragambo kama siku zote. Nani atajua?"

"Waziri atajua, bibi. Yule hunusa. Kila ukoo ujenge daraja lake, tena ujenge unapopapenda."

"Umelewa?"

"Kwa ndizi zenu?"

Basi koo zikajenga. Na kwa kuwa mtu akiambiwa ashindane hukimbilia palipo rahisi, koo zote tatu, ambazo nyumba zao ziko upande wa mlimani, ziliteremka, zikauvuka mto kwa juu palipo na maji ya kiunoni, zikaanza kujenga kutoka upande wa mjini, mahali palepale, kwenye jiwe gumu ambapo barabara inaishia. Walisukumana kwa viwiko. Ukoo wa Hoza ulitundika vitambaa vyekundu kwenye daraja lake. Ukoo wa Shekuwe ukaona, ukatia mikono ya kushikia, iliyochongwa nakshi. Ukoo wa Mbelwa ukaweka ubao: "Kanyaga mara mbili, mara ya tatu bure." Kwa hatua ishirini kila moja, madaraja hayo yalikuwa mazuri mno. Katika hatua arobaini zilizobaki, hakuna ukoo uliopeleka hata fito.

Siku ya nane Sultani akaja na Waziri, na matajiri wake watatu, na watumishi. Ng'ambo, upande wa kijiji, mbuzi wanne walikuwa wanachomwa, na upepo, ambao haujui itifaki, ukamletea Sultani harufu yote.

Akayaona madaraja matatu ubavu kwa ubavu, yamepambwa, akafurahi. "Tazama, Waziri. Mwaka jana walikuwa na daraja moja, leo wana matatu. Haya ndiyo mashindano."

"Haya ndiyo mashindano," akasema Waziri.

Sultani akapanda la vitambaa vyekundu, akaenda kwa madaha, akafika hatua ya ishirini, akaona maji. Akarudi. Akapanda la nakshi, akashika mikono yake, akafika hatua ya ishirini, akaona maji yaleyale. La tatu akamtanguliza Waziri. Waziri akafika ncha, akageuka, akasema kwa sauti ndogo, "Maji, bwana wangu. Ila hapa tukija mara mbili, ya tatu bure."

Sultani akatoa simu ili aite mbao kutoka mjini. Ya kwanza ikanyamaza. Ya pili ikanyamaza. Ya Waziri ikaonyesha saa tu, na saa yenyewe ilikuwa ya kula. Nuhu na wenziwe wawili wakaanza kutazama ndege.

Ndipo Sultani akaona koo tatu zimekaa chini ya miti, upande uleule wa mjini, na Singano mbele yao, akapaza sauti.

"Wapumbavu wakubwa nyinyi. Mliona miti ya kila ukoo haitoshi. Kwa nini hamkuyaunga yakawa daraja moja? Hatua ishirini mara tatu ni sitini, hata mbuzi wale wanajua. Mngekuwa mmevuka zamani."

Mafuta yakasikika yakidondoka motoni ng'ambo. Waziri, kwa mazoea yake neno hilo likitajwa, alikwisha kunyoosha shingo. Kisha akaona limetoka kinywani mwa nani, akairudisha shingo polepole ndani ya kanzu.

Singano akasogea, akapiga magoti kwa heshima zote.

"Ewe Sultani, mimi mjinga, shule niliipita kwa nje. Nifafanulie. Sheria inasema atakayelitaja neno la kuungana mbele ya Sultani hukatwa ulimi. Je, ulipolitaja ulikuwa mbele yako mwenyewe, au ulikuwa umetoka kidogo?"

Sultani akatazama maji. Akatazama moshi. Akawatazama matajiri wake, na wote watatu wakayatazama maji. Nawaambia, njaa imewafundisha watawala wengi kuliko vitabu. Kicheko kikamwanza tumboni, kikapanda, mpaka kilemba kikamkaa upande.

"Singano, ulimi wangu nauhitaji. Nimesikia mbuzi hao wametiwa pilipili. Sheria ile nimeifuta. Nivushe."

"Nimesikia na nimetii," akasema Singano, akalishika baragumu. Akapuliza mara mbili kwa kifupi, ukoo wa Hoza ukainuka. Akapuliza mara moja kwa kirefu, ukoo wa Mbelwa ukainuka. Akapuliza kwa kutetemesha, ukoo wa Shekuwe ukainuka, na Bi Mwanahamisi mbele yao amejifunga khanga kiunoni. Wakaling'oa daraja la pili, wakalisogeza mbele ya la kwanza. Wakaling'oa la tatu, wakalisogeza mbele ya la pili. Vitambaa vyekundu vikatangulia, nakshi ikafuata, ubao wa Mbelwa ukamalizia ng'ambo. Jua halijapinda, Sultani alikuwa amekaa mkekani ameshika mguu wa mbuzi.

Aliposhiba kidogo akauliza, "Baragumu ni moja. Kila ukoo ulijuaje kwamba ndio unaoitwa?"

"Pembe ni ya wote, bwana wangu, ila kila ukoo una mlio wake. Tungekuwa na pembe tatu tungehitaji wapuliza watatu, na ndizi hazitoshi hata kwa mmoja."

Waziri Mahfudhi, ambaye akili yake hurudi haraka palipo na faida, akasema, "Ewe bwana wangu, hii ni hekima kubwa. Mnara na uwe mmoja. Tena apewe mkwe wangu aushike peke yake, na hawa watatu waondoke zao, wasituletee vurugu."

Singano akaacha kutafuna. "Mkwe wa Waziri akilishika baragumu peke yake, mwakani ataniuzia pumzi yangu mwenyewe. Sultani, pembe hii hailali kwangu. Hulala kwa zamu, nyumba ya Hoza, nyumba ya Mbelwa, nyumba ya Shekuwe. Mimi ni mdomo tu. Nikimnyima mtu mlio wake, jioni ileile napokonywa. Bi Mwanahamisi hapa amekwisha kunipokonya mara mbili."

"Tatu," akasema Bi Mwanahamisi.

Sultani akafuta mafuta mdomoni. "Nimeelewa. Mnara ujengwe mmoja, juu ya Jiwe la Alo, kwa gharama yenu matajiri watatu, na asiwepo mtu atakayeushika ufunguo wake peke yake. Kisha juu ya mnara huo shindaneni kwa sauti na kwa bei mpaka mpasuke."

Nuhu akakohoa. "Amri yako iko kichwani, Sultani. Ila mlimani ni kugumu. Tupe miaka mitatu."

"Miaka mitatu ni haba," akasema Waziri, aliyekuwa bado na uchungu wa mkwewe. "Kazi hizi hazitaki haraka. Tuseme minne."

Sultani akamgeukia Singano. "Wewe omba zawadi yako. Dhahabu, mbuzi, utakacho."

Singano akamtazama Waziri kwa upole, kama mtu anayemtazama mgeni aliyechelewa kuondoka.

"Bwana wangu, sitaki dhahabu. Naomba Waziri akae nasi Kwemlola mpaka mnara usimame. Nyumba yangu haina mlango, lakini ni karibu na mwamba, na kazi za nchi atazifanya kwa simu."

"Umepewa," akasema Sultani, akaondoka na mguu mwingine wa mbuzi.

Basi ikawa kila asubuhi Waziri wa Vumari anapanda Jiwe la Alo, anasimama kwa mguu mmoja, joho limenasa kwenye miiba, anangoja nyuma ya yule binti mwenye mchumba. Zamu yake ikifika, hupiga simu kwa matajiri watatu, na maneno aliyowaambia si ya kuandikwa na mwanamke aliyelelewa vyema kama mimi. Miaka minne ikaisha kwa siku kumi na saba. Mnara ukasimama.

Waziri alitaka yeye awe wa kwanza kupiga simu kwa mnara huo. Lakini adhuhuri ya siku ileile mke wa mtu mmoja wa ukoo wa Shekuwe alishikwa na uchungu, na mumewe alipiga akiwa amekaa mlangoni pake, na muuguzi alivuka daraja kabla maji ya moto hayajachemka. Mtoto akazaliwa, na mama yake akakaa kitako akadai chai.

Singano hakupewa simu, hakuna aliyekumbuka. Shati bado lina mkono mmoja. Hekaya yangu imefika ng'ambo, na wewe uliye bado katikati ya mto, usinililie mimi, mwite uliyekuwa ukishindana naye.