Chungu Kilichomuumbua Mize

Sogeeni karibu, masikio yote huku. Paliondokea msichana, jina lake Mize. Bibi yake alimfunza mama yake, na mama akamfunza yeye, kwamba mgeni hulishwa kwanza, jina huulizwa baadaye. Walipofariki walimwachia chungu cha ajabu kisichoisha chakula.

Adhuhuri moja Zimwi mzee akapiga hodi, manyoya yamejaa matope.

"Nina njaa, mwanangu."

"Hakuna chakula," akasema Mize.

"Nimejaa," kikasema chungu jikoni.

"Hata tonge moja?"

"Hakuna."

"Nimejaa."

"Basi hata ukoko."

"Hakuna, nimeshasema."

"Nimejaa mpaka juu!"

Zimwi akainamisha kichwa, kama kwamba mwenye kosa ni yeye. "Bibi yako alinilisha, na mama yako pia. Nimetembea siku saba nije kukupa pole ya msiba." Akaondoka.

Mize akapakua wali, akamkimbilia njiani, machozi yakimtoka. Hakuweza kumtazama usoni. Zimwi akapokea sahani kwa mikono miwili, akala amesimama, akasema kwa upole, "Ahsante, mama."

Neno hilo lilimchoma Mize kuliko tusi.

Mimi nanyamaza hapa. Mwenye mgeni mlangoni na ainuke.