Diski za Zamani

Mbacha ni mkeka mkuukuu. Umechakaa, lakini ni wako na ndio unaokulaza. Msala, mkeka wa kuswalia, unaweza kukupendeza, ila huo unaopita una mwenyewe na una safari yake. Fundi wa seva pale chuoni aliijua methali ya vitu hivi viwili tangu utotoni, lakini kujua si kusikia.

Seva yake ilitumiwa na chuo kizima, kuanzia walimu hadi karani wa bohari. Desturi ilikuwa moja: zikifungwa diski mpya, za zamani hukaa kabatini bila kufutwa mpaka kila mtumiaji afungue mafaili yake na kusema, "Nimeyaona yangu." Dada yake fundi, mtafiti wa chuo hicho, alikuwa amehifadhi humo sauti za wakunga wazee. Mmoja wao alikuwa mama yao mzazi, ambaye sasa ni marehemu.

"Mdogo wangu, nasafiri," dada alimwambia. "Za zamani usiziguse mpaka nirudi."

"Dada nawe! Hizi mpya ni moto wa kuotea mbali. Makopo yale ya nini tena?"

"Makopo hayo ndiyo yenye mama."

Fundi alicheka. Alifunga diski mpya, akanakili kila kitu, na seva ikaenda mbio ajabu. Walimu walimmwagia sifa, naye akavimba kichwa. Siku hiyohiyo akazifuta za zamani ili kabati lipate nafasi.

Wiki haikuisha. Diski mpya ziligoma moja baada ya nyingine, na muuzaji akawa hapokei simu. Wengine walikuwa na nakala nyumbani. Dada hakuwa nayo, kwa sababu fundi mwenyewe ndiye aliyemhakikishia kwamba hakuna mahali salama kuliko seva yake.

Dada aliporudi, alimkuta mdogo wake amepiga magoti mbele ya seva iliyofunguliwa, bisibisi mkononi.

"Mama yuko wapi?"

"Dada, nisamehe." Machozi yalimtoka njia mbili mbili.

"Nimekusamehe. Hebu niigizie alivyokuwa akituita tukale."

Fundi alifumbua kinywa. Maneno aliyakumbuka yote, ila sauti ya mama haikuja. Alijaribu tena, kisha akainamisha kichwa. Dada alichukua mkoba wake akatoka bila kugeuka nyuma.

Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.