Filamu ya Marehemu Aliyedai Ubwabwa

Mwaka ule mvua iliinyima mbuga ya Mkwajuni hata wingu la kusingizia. Kisima kimoja tu kilibaki na maji, nacho kilikuwa cha Simba. Simba, ambaye hata akipiga chafya hungoja kupigiwa makofi, alitangaza: "Nimechoka kutazama nyuso zilizonuna. Atakayeichekesha mbuga yangu atateka maji wa kwanza kila siku, kabla hayajavurugwa."

Sungura alimfikiria bibi yake mgonjwa, aliyekuwa akinywa tope mwezi mzima. Akatengeneza filamu. Ndani yake Kobe anakufa, wafiwa wanapika ubwabwa, na Sungura anamsimanga maiti: "Hata kufa umechelewa! Kaburi limechimbwa tangu juzi!" Maana huko Mkwajuni koo za sungura na kobe ni watani, na mtani ana haki ya kumtania marehemu mpaka wafiwa wacheke. Mwishowe marehemu anafufuka kudai sahani yake.

Filamu ilionyeshwa mchana, kwenye giza la pango la Simba, juu ya shuka jeupe. Pundamilia alicheka mpaka akajikojolea. Simba alicheka wa mwisho, ili ionekane kichekesho kilikuwa kinasubiri idhini yake.

Kesho yake barazani akasimama Fisi, aliyejipa mwenyewe cheo cha mhakiki mkuu.

"Mheshimiwa, filamu hii ni uchafu! Inadhihaki mauti! Watoto wetu watajifunza nini? Naomba ipigwe marufuku, na zamu ya kwanza kisimani apewe mlinzi wa maadili." Akakohoa kidogo. "Yaani mimi."

Simba akakunja uso. Kumbe alichekea uchafu? "Hata mimi," akasema upesi, "niliona kasoro."

Masikio ya Sungura yakasimama kwa hasira. "Taarifa, Mheshimiwa!"

"Keti, binti," Fisi akamkemea. "Wakubwa wanazungumza."

"Nikiketi utasema umeshinda. Shikamoo, Mzee Fisi. Kwenu msibani watani hawaji?"

"Marahaba. Wanakuja. Lakini hii ni sanaa! Sanaa ina heshima zake."

"Kwa hiyo utani makaburini ni mila, kwenye shuka ni uchafu? Haya. Hebu tueleze, ni wapi hasa palipokuudhi?"

Fisi akafumba macho kwa uchungu. "Pale walipomzika marehemu. Nililia! Swala wa watu, kijana kabisa, amenona, mapaja haya hapa..." Ute ukaanza kumdondoka. "Na mbavu! Mbavu zenye mafuta, wanazifukia zikiwa nzima! Huo si ukatili?"

Wanyama wakatazamana. Kisha ikasikika sauti nyembamba.

"Samahani, Mzee," alisema Kobe. "Marehemu nilikuwa mimi."

Fisi akafumbua jicho moja. "Wewe? Kwani una mapaja?"

"Na sikuzikwa."

Kicheko kikalipuka. Ngedere, aliyepika ule ubwabwa wa kuigizia, akaruka juu. "Sasa nimejua! Wakati watu wako ndani wanatazama, sufuria yangu nje ililambwa, ikalambwa mpaka masizi!"

Wote wakaitazama pua ya Fisi. Ilikuwa nyeusi tititi.

"Mzee wangu," alisema Sungura, "filamu hukuihakiki. Umehakiki njaa yako."

Simba alinguruma mpaka vumbi likatimka. "Umenifanya nikikane kicheko changu mwenyewe! Utakunywa wa mwisho, na filamu utaitazama mara saba, mdomo umefungwa kamba!"

Asubuhi iliyofuata bibi yake Sungura alikunywa maji safi, kibuyu kizima, akaomba asimuliwe pale marehemu anapofufuka. Akasimuliwa mara mbili.

Na mpaka leo, mhakiki yeyote akisimama Mkwajuni kumwaga ukali wake, hata hajakohoa, wanyama humuuliza kwa pamoja: "Umeitazama?" Akianza kujikuna, wanamwonyesha njia ya jikoni.