Pijo ya Mwalimu Salesio

Boma la Mwalimu Salesio Njue kule Kianjokoma halikujua upweke. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na ualimu wenyewe alikuwa ameustaafu kitambo, lakini watu waliingia na kutoka pale kama nyuki mzingani. Kilichowaleta ni gari lake, Pijo nyeupe. Mama akishikwa na uchungu, mbio kwa Mwalimu. Mzee akizidiwa, mbio kwa Mwalimu. Watoto watatu walizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari lile, na wawili waliitwa Salesio. Wa tatu alikuwa msichana, na hata huyo wazazi walikuna vichwa kwanza.

Mwalimu mwenyewe hakuwa akiendesha tena. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho, na mara ya mwisho aliposhika usukani alipitiliza hadi ndani ya kitalu cha majani chai cha kanisa. Tangu siku hiyo funguo alizishika jirani yake Kirimi. Mwalimu aliketi kando, kofia kichwani, akitoa amri za kubadilisha gia.

Bintiye Wambeti, karani mjini Embu, hakuwa na raha. Gari likigonga mtu, nani ataitwa kortini kama si mzee mwenye gari? Hofu yake ilikuwa ya haki. Kilichomshinda ni maneno matatu tu: "Baba, tuuze gari." Kwao, kugusa mali ya mzazi aliye hai ni kama kumpimia jeneza. Basi akaona heri apite mlango wa nyuma.

Jumapili moja alimletea karatasi. "Ni za bima, baba. Tia sahihi hapa."

"Hapa wapi, mama?" Mzee alimwita hivyo kwa kuwa alikuwa amepewa jina la nyanyake, aliyemzaa Mwalimu.

Wambeti akamshika kidole, akakielekeza kwenye mstari. Mwalimu akatia sahihi ya kiualimu, yenye mkia mrefu. Ilikuwa fomu ya kuuza gari.

Wiki hiyo tajiri mmoja wa Kiritiri akalichukua. Mwalimu akaambiwa limepelekwa kwa fundi mjini, giaboksi ina kasoro.

Uongo nao ni kama ng'ombe wa maziwa: ukishamfuga, sharti umlishe kila siku. Kila Ijumaa Mwalimu alipiga simu. Mara kipuri kinatoka Nairobi. Mara kimekuja, lakini si chenyewe. Mwezi wa pili, visingizio vikiwa vimemwishia, Wambeti akajikuta akisema, "Baba, fundi amefiwa na mamake."

"Maskini!" mzee akasema. "Pole yake."

Wambeti akashusha pumzi, akidhani amejinunulia mwezi mzima wa amani. Mji ulikuwa umemsahaulisha watu wake. Kwao msiba hausikiwi ukaachwa upite.

Jumamosi asubuhi pikapu ilisimama langoni pake mtaani Majimbo. Wakashuka wanawake wanane na mikungu ya ndizi, mitungi ya maziwa na pakiti za majani chai. Nyuma yao alikuja Mwalimu ndani ya suti yake ya kanisani, ameshikwa mkono na jirani yake Teresia, mwanamke ambaye habari haikumpita hata ikiwa na mabawa.

"Wambeti wetu! Jifunge leso twende," Teresia akaita.

"Twende wapi?"

"Swali gani hilo? Kwa fundi! Mtu anatutengenezea gari, anafiwa, halafu sisi tukae nyumbani tukila githeri? Tutakuwa watu gani?"

"Walizika jana," Wambeti akasema upesi.

"Pole haiozi, mama," Mwalimu akajibu.

"Lakini kwao ni mbali. Ni Meru."

"Meru ndiyo mbali?" Teresia akacheka. "Pikapu ni yetu hadi jioni. Meru upande gani? Dada yangu ameolewa Nkubu, huko hakuna boma asilolijua. Huyo fundi ni nani? Mwana wa nani?"

Wambeti akaitazama mikungu ya ndizi iliyopangwa langoni, akamtazama babake aliyenyoosha shingo kungoja jibu. Majirani walikuwa wameshatoa vichwa madirishani. Akapiga magoti pale pale penye simiti.

"Baba, hakuna fundi. Niliuza gari. Zile karatasi hazikuwa za bima."

Mwalimu akapapasa ukuta, akauegemea.

"Kwani nilitaka kuendesha, mama? Najua sioni. Ungenisomea tu ile karatasi. Ningekataa siku moja, siku mbili, halafu ningekubali. Ningeomba tu auziwe Kirimi, libaki pale pale kwetu."

Jumatatu Wambeti alikwenda Kiritiri kulikomboa gari. Alikuta viti vimeng'olewa, magunia ya makaa yamejaa hadi darini. Tajiri alimsikiliza kwa heshima, kisha akatikisa kichwa. "Dada, fomu ina sahihi ya mwenye gari. Ama unasema hakujua anatia sahihi nini?" Wambeti alirudi mjini mikono mitupu.

Kule Kianjokoma njia ya kwenda kwa Mwalimu ikaota nyasi. Wagonjwa walibebwa kwa pikipiki zilizopita barabara ya juu. Teresia bado alikuja, lakini Teresia huenda kila mahali.

Kabla ya mwaka kwisha, daktari akakubali kumpasua Mwalimu macho. Wambeti akaleta fomu ya idhini, nayo ilikuwa ya kweli tupu, herufi kwa herufi. Akamtia babake kalamu mkononi. Mzee akaiweka mezani taratibu, bila hasira.

"Mwite Teresia kwanza," akasema. "Aje anisomee."

Wambeti akatoka kwenda kumwita jirani, machozi yakimtiririka. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa ameshafika mwisho wake.